Tulivuka wa kwanza, bendera ikainuliwa: nimsamehe rafiki yangu?

Jambo Yaya,

Mimi ni msichana wa miaka 17, niko mwaka wa tatu wa humanite, sekondari ya juu, katika lise moja hapa Lubumbashi. Tunakaa Kenya. Ninakimbia. Najua ni jambo dogo mbele ya wanaokuandikia habari za ndoa na kesi za viwanja, lakini wiki ya tatu sasa silali vizuri, na nyumbani sina wa kumwambia kwa sababu kwetu mchezo ni mpira. Kaka yangu akisema "timu" anamaanisha Mazembe. Mengine yote anayaita kufukuza upepo.

Nilianza mwaka 2023, ile likizo ya Michezo ya Francophonie kule Kinshasa. Tuliangalia riadha kwenye televisheni ya jirani, nikaona wasichana wanavyotoka mstarini kama mtu aliyeitwa jina, nikasahau kwamba nimeacha maji ya bukari motoni. Mama alikuja kunitafuta na mwiko mkononi. Septemba masomo yalipoanza nikaenda kwa Prof wa michezo nikamwambia nataka kukimbia mita 100. Akasema, "Wa kukimbia peke yao ninao. Ninachokosa ni wanne wa mbio za kupokezana kijiti. Nenda ulete watatu." Nikawaleta.

Majina yao siandiki, nitawaita kwa nafasi zao. Wa Tatu ndiye rafiki yangu kabisa. Tunakaa benchi moja darasani, tunarudi njia moja, hata Kifaransa cha kufunga insha ananisaidia. Yeye ndiye wa kona ya mwisho, mimi ni Wa Nne, wa kumaliza. Kijiti chetu ni kipande cha bomba la plastiki la maji ambalo Prof alilikata kwa msumeno. Tunafanya mazoezi mara tatu kwa wiki, wavulana wakishamaliza mpira wao, maana kiwanja ni kimoja na wao ndio wa kwanza siku zote. Tukianza, jua limeshaegemea. Viatu vya misumari timu nzima ina jozi moja: vya Wa Tatu, shangazi yake alivinunua mitumba kule Kasumbalesa. Tunavaa kwa zamu.

Sasa sikiliza. Jumamosi ya mashindano ya shule tulikuwa tunaongea kushinda toka asubuhi. Wa Tatu alikimbia fainali ya mita 200, akawa wa tatu, na haikupita hata saa moja wakatuita kwa kijiti. Alivua viatu akanipa mimi kwa sababu ndiye wa kumaliza, yeye akakimbia miguu wazi. Nilijisikia mwepesi siku ile, Yaya, sijui nikuelezeje. Nikaangalia mstari wa nne, wana msichana mrefu mwenye miguu ya korongo. Nikasema leo simwachii huyu. Nikaifuta kidogo alama yangu kwa mguu, nikaichora nyayo tatu nyuma zaidi, ili nipate mwendo mapema. Alama zetu tunachora kwa kisigino, kiwanja ni cha udongo.

Wa Kwanza alitoka vizuri. Wa Pili akapita watu wawili. Wa Tatu alipotoka kwenye kona tulikuwa mbele, lakini niliona shingo yake imekaza na mabega yamepanda, amechoka. Alipogusa alama nikaondoka. Nikasikia "Mkono!", nikanyoosha mkono nyuma: hakuna kitu. Nikasikia tena "Mkono!" na halafu "Polepole!", lakini nani anapunguza mwendo katika fainali? Ndipo nikakishika, kwa ncha ya vidole. Nikakimbia kama sijawahi kukimbia. Yule mwenye miguu ya korongo alibaki nyuma. Nilivuka mstari nikiwa wa kwanza, mikono juu, nikageuka kuwatafuta wenzangu. Kule mbali, mahali pa kupokezana, mwamuzi alikuwa amesimama na bendera ya njano.

Tulifutwa. Kijiti kilitoka nje ya eneo la kupokezana. Nilirudi pale mbio na nikamwambia Wa Tatu mbele ya watu wote, mama yake akiwepo: "Umetumaliza. Hiyo miguu yako mizito ndiyo imetumaliza." Hakujibu kitu. Alisema tu, "Ayina mambo," akavaa kandambili, akaondoka. Tangu siku hiyo amehamia benchi la nyuma. Mazoezi anakuja, anakimbia, anaondoka. Viatu vyake bado viko chini ya kitanda changu, hajaviulizia.

Kuna mengine matatu. Kwanza, Prof ametubadilisha: mimi nakuwa wa tatu, yeye anakuwa wa nne! Aliyekosea amepandishwa, aliyevuka wa kwanza ameshushwa. Pili, kuna kaka mmoja anayesema ana klabu, ameniambia niachane na mambo ya kijiti, nikimbie peke yangu, atanipeleka Kinshasa, ila nisimwambie Prof kwanza. Tatu, mama anauza sokoni na anataka niache kabisa. Anasema mwakani ni Ekzeta, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, na msichana hawezi kuwa anarudi nyumbani usiku kila siku.

Swali langu hasa ni hili: nimsamehe Wa Tatu hata kama hajaomba msamaha? Na nibaki kwenye timu au niende kukimbia peke yangu?

Wako,
Wa Nne, Kenya, Lubumbashi

*

Mdogo wangu Wa Nne,

Kwanza niwatulize wanaotusoma kutoka mbali: Kenya hii ni komini ya Lubumbashi, jirani na Kamalondo. Hakuna aliyevuka mpaka.

Sasa niseme aibu yangu. Barua yako niliijibu siku ileile ilipofika. Lilikuwa jibu zuri, la kurasa mbili, juu ya msamaha na urafiki, na nilikuwa nimelipenda. Lakini mimi shuleni nilikuwa wa kutupa tufe, na hata tufe lenyewe nadhani lilikuwa linanitupa mimi. Mambo ya kijiti siyajui. Kwa hiyo kabla ya kukutumia nilimpigia simu mzee mmoja aliyefundisha vijana riadha miaka mingi, nikamsomea barua yako yote. Alikuwa anasikiliza huku anatafuna kitu. Nilipofika kwenye miguu ya korongo akacheka. Nilipopita sentensi moja mbele akaacha kutafuna.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Nyayo ngapi?"

"Tatu."

"Aliwaambia wenzake?"

Nikaitafuta hiyo habari kwenye barua yako, juu hadi chini. Haipo. Mzee akasema, "Basi, jibu lako lichane."

Nimelichana. Hili unalosoma ni la pili, na si tamu kama la kwanza.

Alinieleza hivi, nami nakuelezea kama nilivyoelewa. Unajua kuliko mimi kwamba katika mita 100 mara nne anayepokea haangalii nyuma. Anaangalia alama. Mwenzake akiikanyaga, yeye anageuza uso mbele na kuondoka kwa nguvu zote, anabaki na sikio na mkono tu. Ndiyo maana ile alama huhesabiwa kwa nyayo wiki nzima, watu wawili pamoja, mmoja akija na mwingine akiondoka, mpaka ipatikane nafasi ambayo mikono miwili inakutana bila mtu kupunguza mwendo. Sheria inaruhusu kila anayepokea alama moja, ya kubandika utepe, na kwenye kiwanja cha udongo au majani, ya kuchora, kama mnavyofanya. Alama ile umeichora wewe, lakini ni ya wawili.

Sasa chukua kiatu chako. Tuseme kina sentimita 25. Nyayo tatu ni sentimita 75. Wewe ukaondoka Wa Tatu akiwa sentimita 75 nyuma kuliko mlivyozoea. Nilidhani kitu kidogo namna hiyo kinalipwa njiani, kwamba mtu anajikaza kidogo anakifikia. Mzee akasema hapana: ukiondoka mapema vile, pengo kati yenu linabaki kubwa kuliko kawaida kwa sentimita 75 zilezile katika kila hatua mnayopiga, na wakati huo wewe unazidi kushika kasi na yeye anazidi kuishiwa. Linalipwa tu kama anayekuja ana mbio kuliko anayeondoka, na hiyo huisha haraka. Mkono wa msichana wa umri wenu, kutoka bega hadi ncha ya kidole, una kama sentimita 70.

Yaani ulimkata mkono mmoja, halafu ukamuuliza mbele ya mama yake kwa nini hakufika.

Soma tena barua yako mwenyewe. "Mkono!" na mkono hauna kitu. "Mkono!" mara ya pili. "Polepole!" Yule hakuwa anaomba umhurumie. Alikuwa anakupa habari: kitu fulani kimebadilika, sikufikii, na mstari wa mwisho wa eneo unakuja. Eneo lenyewe limeshaongezwa; tangu Novemba 2017 ni mita 30, zamani yalikuwa 20 na kumi za kuanzia mwendo kabla yake. Kinachoangaliwa ni kijiti kiko wapi, miguu yenu haihesabiwi. Wewe uliuliza nani anapunguza mwendo katika fainali. Jibu ni: anayetaka kubaki ndani ya fainali.

Na huyo aliyekuwa anakuita alikuwa ametoka kukimbia mita 200 muda si mrefu, na alikuwa miguu wazi kwa sababu viatu vyake ulikuwa umevaa wewe.

Hapa nina neno na Prof wenu pia, kwa heshima yote. Mtoto mmoja kupewa fainali mbili zinazofuatana hivyo, na kabla ya mbio hakuna mtu mzima aliyepita kuhesabu alama za wasichana, hilo haliko kwenye mabega yako. Lakini mzee ana wazo jingine kuhusu Prof, nitakuja nalo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, nimsamehe au nisimsamehe, halina kazi. Huna cha kumsamehe. Ni yeye mwenye cha kukusamehe wewe, na alipokwambia "Ayina mambo" sidhani kama alimaanisha hakuna neno. Sisi watu wa huku tunalisema hilo hasa pale neno lilipo.

Sikuiti mbaya. Uliisogeza alama kwa sababu ulitaka kushinda na ulijisikia mwepesi, na umeniandikia mwenyewe bila kuficha. Ungekuwa mjanja ungeiruka ile sentensi. Nadhani sehemu moja ya kichwa chako inajua. Mtu asiyejua kitu halali vibaya wiki tatu.

Na hujakosa wenzako, wakubwa kabisa. Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, fainali ya kijiti ya wanaume: Wamarekani, wenye watu wa kasi za kutisha, walivuka mstari wakiwa wa tatu, wakajizungushia bendera yao, halafu wakaambiwa wamefutwa, kijiti kilipokelewa kabla ya eneo kuanza. Ni kosa la upande wa pili wa lenu. Medali ya shaba ikaenda kwa Kanada. Na fedha, mbele yao wote isipokuwa Jamaika, ilikwenda kwa Japani: vijana wanne ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Kwa pamoja walitumia sekunde 37.60. Wao kijiti wanakipitisha kwa chini, mkono kwa mkono, namna ambayo timu nyingi ziliiacha, na waliifanyia mazoezi miaka. Mzee ananiambia alikuwa anawasimulia wanafunzi wake mbio hizo mpaka wakawa wanakimbia akianza tu kusema "Japani".

Lakini ninayetaka umjue ni mwanamke, Lauryn Williams wa Marekani. Athens 2004, fainali, alikuwa anapokea kutoka kwa Marion Jones. Kijiti kikapita nje ya eneo, wakafutwa. Miaka minne baadaye, Beijing 2008, katika mbio za mchujo, alikuwa wa nne kama wewe. Kati yake na Torri Edwards kijiti kikaanguka. Alirudi akakiokota na akakimbia mpaka mwisho, peke yake, wengine wakiwa wameshamaliza. Fikiria mtu huyo, mara mbili, mbele ya dunia, na mara zote mbili akiwa upande wa kupokea. London 2012 akasimama tena palepale, wa nne, katika mchujo. Safari hiyo kijiti kilifika. Fainali walikimbia wengine, wakaweka rekodi ya dunia ya sekunde 40.82, na dhahabu ikamfikia na yeye, maana waliokimbia mchujo nao hupewa. Na kama hiyo haitoshi, mwaka 2014 huko Sochi alipata fedha katika mchezo wa kusukuma kigari kwenye barafu, ambako wanakuwa wawili. Inaonekana mwanamke yule hakuwahi kuchoka kumtegemea mtu mwingine.

Sasa lile la Prof kukushusha. Mzee alicheka tena hapa. Alisema: "Huyo Prof ameiona alama." Kwamba baada ya mbio, watu walipokuwa wanapiga kelele, Prof alikwenda pale akaangalia udongo: mstari mmoja uliofutwa nusu kwa mguu, na mwingine mpya nyayo tatu nyuma. Hakusema kitu mbele za watu, labda kwa sababu ulikuwa umeshasema ya kutosha kwa wote. Akangoja, akapanga upya. Sijui kama ndivyo, lakini ningekuwa wewe ningeenda kumuuliza, na ningemwambia mimi kabla hajaniambia yeye.

Na hakuna kushushwa. Wa nne anaonekana zaidi, basi. Anapigwa picha. Lakini hesabu kazi: wa kwanza anatoa tu. Wa nne anapokea tu. Wa pili na wa tatu ndio wanaopokea na kutoa, na wa tatu anafanya hivyo katika kona, kijiti mkono wa kulia ili abaki karibu na mstari wa ndani, halafu anakitia katika mkono wa kushoto wa mtu asiyemwangalia. Tangu uanze kukimbia hujawahi kutoa kijiti. Hujawahi kuja umechoka, pumzi imekwisha, huku mgongo wa mtu unakukimbia. Prof anataka uujue mgongo huo. Mimi naona ni adhabu ya akili sana, kama ni adhabu.

Kuna kitu nimekikumbuka hapa. Kwa Kifaransa cha shule kile kijiti tunakiita témoin, na neno hilo maana yake ni shahidi. Nilisoma shule miaka yote hiyo nikilisikia na sikuwahi kujiuliza shahidi wa nini. Nimejiuliza juzi, kwa ajili yako. Kijiti chenyewe si kitu: sentimita 28 hadi 30, gramu 50 na kidogo, chenu ni bomba la maji. Lakini mbio hazimalizwi na mtu, zinamalizwa na hicho kipande. Ungevuka mstari ule peke yako mikono mitupu, hata kama ungemwacha mwenye miguu ya korongo mita ishirini, mwamuzi asingeandika kitu.

Mengine mawili nayamaliza haraka.

Huyo kaka wa klabu: hapana. Kukimbia peke yako si dhambi, unaweza kukimbia mita 100 zako na kijiti pia, wakimbiaji wengi wanafanya vyote viwili. Tatizo ni lile neno "usimwambie Prof". Mtu mzima anayemwambia msichana wa miaka 17 habari za safari ya Kinshasa na kumwomba afiche, mwambie aje nyumbani aongee na mama yako, mchana, na Prof akiwepo. Kama ni wa kweli atakuja. Asipokuja umepata jibu. Na usikutane naye peke yako tena, hata dakika tano, hata kukurudishia karatasi.

Mama yako nimemsoma mara mbili. Unasema anataka uache. Mimi naona anachokataa ni giza. Mnaanza wavulana wakimaliza, jua limeegemea, na hapa kwetu saa kumi na mbili na kitu jioni jua limekwisha, Juni hata kabla ya saa kumi na mbili. Msichana anafika Kenya usiku, mara tatu kwa wiki, na mama amekaa sokoni siku nzima akirudi hakumkuti. Hata mimi ningekasirika. Kwa hiyo usimhubirie juu ya ndoto zako. Nendeni ninyi wanne kwa Prof, na ikibidi Prof aende kwa prefe, mkuu wa shule, muombe siku mbili kati ya hizo tatu wasichana waanze na wavulana wafuate. Kiwanja ni cha shule nzima. Ukishapata hiyo saa, mpelekee mama pamoja na ratiba ya kusoma Ekzeta, iliyoandikwa, yenye saa ndani yake. Na umualike aje aone siku moja, hajawahi kukuona ukikimbia, angalau hujaniambia. Kaka yako mwache na Mazembe yake, atakuja mwenyewe siku mtakaposhinda.

Imebaki kazi yenyewe, na hii usiifanye kwa simu wala kwa ujumbe.

Vitoe viatu chini ya kitanda. Vina udongo mwekundu umekauka kati ya misumari, najua kwa sababu hujaniambia umevisafisha. Chukua kijiti cha mti na mswaki wa zamani, utoe ule udongo wote, uvianike. Halafu nenda kwao, saa ambayo mama yake yupo, kwa sababu ulimtukana mwanawe mbele yake na yeye pia anakudai. Usipeleke soda wala biskuti, asije akadhani umeleta bei. Peleka viatu. Mwambie habari ya nyayo tatu, namba hiyo uitaje, kwa sababu yeye huenda mpaka leo anaamini alikuwa mzito. Wiki tatu amekaa benchi la nyuma akiamini hivyo. Usiongeze "lakini". Usiseme ulikuwa umechoka pia, au kwamba kelele zilikuwa nyingi. Akisema tena "Ayina mambo", kaa kidogo, usikimbilie kuondoka.

Kisha waambie Wa Kwanza na Wa Pili. Walikimbia vizuri na medali yao ilipotea wakiwa hawajui sababu.

Inawezekana asirudi benchi lenu. Sikuahidi hilo. Inawezekana mkakimbia pamoja mwaka mzima mkiongea maneno mawili tu, "mkono" na "haya". Watu wamekimbia hivyo na kijiti kikafika.

Jumatatu mtakapoanza na mpangilio mpya, yeye atasimama mbele, amevaa viatu vyake. Atahesabu nyayo zake kutoka mstari, moja baada ya nyingine, na atachora kwa kisigino chake. Wewe utakuwa kule mwanzo wa kona, karibu mita mia nyuma, umesimama miguu wazi na bomba la maji mkononi, na hata ukitaka, alama ile hutaweza kuigusa.